Kuuliza Hifadhidata ya Objekti: Nani Achague Njia?

Kila mwaka kundi jipya la wanafunzi wa kompyuta linakutana na mkanganyiko ule ule. Muhula mmoja wanafundishwa kuipanga dunia kwa objekti: mgonjwa ana jina, ana tarehe ya kuzaliwa, ana ziara zake kituoni. Muhula unaofuata wanafundishwa kuipanga dunia hiyo hiyo kwa majedwali na kuiuliza kwa SQL. Wakiingia kazini wanakuta zana kama Hibernate, inayoyaficha majedwali nyuma ya objekti, na wengi wanatoka hapo na imani mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kwamba hifadhidata yao sasa inatunza objekti, ilhali kinachotunzwa ni majedwali yale yale. Ya pili ni kwamba lugha ya kuulizia objekti ilijaribiwa zamani, ikashindwa, yakaisha.

Imani hizo zina gharama. Asiyejua kinachoendelea chini ya objekti zake huandika programu inayotuma maulizo elfu moja kwa seva pale ambapo ulizo moja lingetosha. Naye anayeamini kwamba mjadala ulikwisha hashtuki anapoyaona makosa ya miaka ya 1980 yakirudiwa katika hifadhidata za hati na za grafu za leo.

Uchambuzi huu unalirudia swali lenyewe: ikiwa data imehifadhiwa kama objekti zinazoelekezana, lugha ya kuiuliza iweje? Tutapitia usuli, kisha misimamo minne iliyoshindana, kisha mafundo ambayo kila msanifu hulazimika kuyafungua. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba karibu kila uamuzi katika usanifu wa lugha hizi unaishia kwenye jambo moja: ni nani anayechagua njia ya kuifikia data, mwanaprogramu au mfumo? Lugha inayouachia mfumo uchaguzi huo, bila kumnyima mwanaprogramu manufaa ya objekti, ndiyo inayodumu.

## Usuli: kutoka vielekezi hadi majedwali, na kurudi

Hifadhidata za miaka ya 1960 zilijengwa kwa rekodi zilizounganishwa kwa vielekezi. Charles Bachman, aliyebuni mfumo wa IDS alipokuwa General Electric, alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, na katika mhadhara wake alimchora mwanaprogramu kama baharia anayesafiri ndani ya data, akitoka rekodi moja kwenda nyingine kwa kufuata viungo. Kazi ilifanyika haraka, mradi tu baharia aijue njia. Mpangilio wa rekodi ukibadilishwa, programu zilizoandikwa kwa njia za zamani zilivunjika.

Mwaka 1970 Edgar Codd, akiwa katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alipendekeza kinyume chake. Data ipangwe katika mahusiano, yaani majedwali. Mtumiaji aseme anachotaka. Njia ya kukifikia iachiwe mashine. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walichapisha lugha ya SEQUEL, iliyokuja kuitwa SQL. Mwaka 1986 SQL ikawa kiwango rasmi cha Marekani, na mwaka uliofuata kiwango cha kimataifa.

Wakati SQL ikishinda katika benki na ofisi, aina nyingine ya kazi ilikuwa ikikua pembeni. Wahandisi walianza kuchora ndege na saketi kwa kompyuta. Mchoro wa aina hiyo una sehemu ndani ya sehemu, na kuufungua kutoka majedwalini kulihitaji kuunganisha majedwali mengi kwa kila hatua. Wakati huo huo uandishi wa programu kwa objekti, uliozaliwa na Simula huko Norwei katika miaka ya 1960 na kukuzwa na Smalltalk huko California, ulikuwa ukienea kupitia C++. Mwanaprogramu alifikiri kwa objekti, akahifadhi kwa majedwali, na nguvu zake nyingi zikaishia kwenye msimbo wa kutafsiri kati ya pande hizo mbili.

Mwaka 1984 George Copeland na David Maier walieleza jinsi ya kuigeuza Smalltalk yenyewe kuwa mfumo wa hifadhidata. Matokeo yake yalikuwa GemStone. Huko Ufaransa mradi wa Altaïr ulianza mwaka 1986 na kuzaa mfumo wa O2 chini ya François Bancilhon. Austin, Texas, kikundi cha Won Kim kilijenga ORION. Bidhaa za ObjectStore, Versant na Objectivity zikaingia sokoni. Vielekezi vilikuwa vimerudi, safari hii vikiwa na mavazi ya kisomi.

## Ilani tatu

Wataalamu wa hifadhidata hizo walijua kwamba wenzao wangewauliza kama hawakuwa wakirudi kwa Bachman. Mwaka 1989, kwenye mkutano uliofanyika Kyoto, Japani, sita kati yao, wakiwemo Malcolm Atkinson, Bancilhon, David DeWitt na Maier, walitoa ilani iliyoorodhesha sifa 13 za lazima za hifadhidata ya objekti. Inafaa kuitazama orodha hiyo kwa karibu. Utambulisho wa objekti ni sifa ya pili. Kufungia data ndani ya objekti ni ya tatu. Uwezo wa kuuliza swali lolote papo kwa papo ni ya 13, ya mwisho kabisa. Tena waandishi waliongeza kwamba si lazima huduma hiyo iwe lugha. Hata chombo cha kuvinjari kwa picha kingeweza kutosha.

Walichokitaka kwenye huduma hiyo kilikuwa sahihi: iwe ya kiwango cha juu, yaani mtumiaji aseme nini bila kusema vipi; iweze kuharakishwa na mfumo, na isitegemee programu moja mahususi. Ila nafasi ya mwisho kwenye orodha ilitabiri nafasi ya mwisho kwenye bidhaa nyingi.

Jibu lilikuja mwaka 1990. Michael Stonebraker, Jim Gray na wenzao walitoa ilani ya hifadhidata za kizazi cha tatu. Walikubali kwamba objekti tata na methodi zinahitajika. Walichokataa ni kurudi kwenye ubaharia: karibu kila programu iifikie data kupitia lugha ya kueleza matakwa, na kwa heri au kwa shari lugha hiyo iwe SQL, kwa kuwa ndiyo iliyokwisha kuenea kila mahali.

Ilani ya tatu ilitoka mwaka 1995 kwa Hugh Darwen na Chris Date, na ilizipinga zote mbili. Kwao, klasi ya objekti inalingana na aina ya thamani ndani ya safu ya jedwali. Kuilinganisha na jedwali lenyewe ni kosa la kwanza kubwa, na kuingiza vielekezi ndani ya majedwali ni la pili. Waliikataa SQL pia, wakidai kwamba ilishaacha misingi ya Codd. Mbishano huo wa pande tatu ndio ulioyazaa makundi yafuatayo.

## Msimamo wa kwanza: lugha ya programu inatosha

Kundi la kwanza lilisema hakuna haja ya lugha ya pili. Ikiwa objekti za C++ au Smalltalk zinaweza kudumu diskini bila kubadilika sura, mwanaprogramu azifikie kama anavyozifikia zile zilizo kwenye kumbukumbu: kwa kufuata vielekezi na kuandika vitanzi. ObjectStore iliifikisha fikra hii mbali. Kielekezi kilipoguswa, mfumo uliuleta ukurasa wake kutoka diskini kimyakimya, kisha kazi ikaendelea kwa kasi ya kumbukumbu ya kawaida.

Nguvu ya msimamo huu ni kubwa pale ambapo njia inajulikana na haibadiliki. Mhandisi anayefungua mchoro anataka sehemu hii, na zilizo ndani yake, na zilizo ndani ya hizo. Katika maabara ya SLAC, California, jaribio la fizikia la BaBar liliweka mamia ya terabaiti za data kwenye Objectivity. Mwanaprogramu pia anabaki na mfumo mmoja wa aina za data na kompaila moja inayoyakamata makosa mapema.

Udhaifu wake unajitokeza swali linapobadilika. Programu iliyoandikwa kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye ziara zake haina jibu jepesi kwa anayetaka kuanzia wilayani. Kitanzi ni amri, na mfumo hauwezi kukisoma ukagundua kwamba ingekuwa nafuu kuanza upande wa pili. Kila ripoti mpya inamngoja mwanaprogramu, na meneja aliyezoea kuandika mistari mitatu ya SQL anajikuta hana mlango.

## Msimamo wa pili: lugha mpya kwa ajili ya objekti

Kundi la pili lilitaka lugha ya kueleza matakwa iliyokatwa kwa kipimo cha objekti. Wauzaji wa hifadhidata hizi waliunda umoja wa ODMG mwaka 1991, ukiongozwa na Rick Cattell wa Sun Microsystems, na mwaka 1993 ukachapisha kiwango chake cha kwanza. Ndani yake kulikuwa na OQL, lugha iliyotokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya watu wa O2.

Tuchukue swali la kawaida katika afya ya jamii: ni wagonjwa gani walipimwa malaria katika vituo vya wilaya ya Kilwa? Kwa OQL linaandikwa hivi:

    select distinct m.jina
    from m in Wagonjwa, z in m.ziara
    where z.kituo.wilaya.jina = "Kilwa"
      and exists v in z.vipimo : v.aina = "malaria"

Kwa majedwali, swali hilo linagusa majedwali matano na viunganishi vinne: mgonjwa na ziara, ziara na kituo, kituo na wilaya, ziara na vipimo. Hapa viunganishi hivyo vimo ndani ya nukta. Usemi z.kituo.wilaya.jina unasomeka kama mtu anavyosema, na mfumo unajua tayari kwamba kila ziara ina kituo kimoja na kila kituo kina wilaya moja.

Ubora wa OQL haukuishia kwenye wepesi wa kuandika. Ilikuwa lugha ya vipande vinavyoshikana: popote panapokubalika mkusanyiko, ulizo lingine liliweza kukaa, iwe kwenye select, from au where. Ilitofautisha seti, mfuko unaoruhusu marudio, orodha na safu yenye namba. Na wale waliodai kwamba objekti hazina msingi wa hisabati walipata jibu mwaka 1995, Leonidas Fegaras na Maier walipoonyesha kwamba maulizo ya aina hii yanaweza kuelezwa kwa kalkulasi moja fupi, ambayo baadaye Fegaras aliitumia kuyakunjua maulizo yaliyofungwa ndani ya mengine.

Ila OQL ilikuwa na mapengo ya makusudi. Haikuwa na amri ya kuongeza, kubadilisha wala kufuta. Hayo yaliachiwa methodi, ili data isiguswe pasipo ruhusa ya objekti yenyewe. Hilo lililinda usafi wa objekti, lakini mtu aliyetaka kusahihisha rekodi elfu kumi kwa mara moja alirudishwa kwenye kitanzi. Pengo kubwa zaidi lilikuwa la utekelezaji. Wanachama wengi wa ODMG hawakuitekeleza OQL yote, kwa kuwa wateja wao walinunua kasi ya vielekezi. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2000, na mwaka 2001 umoja wenyewe ukavunjwa.

## Msimamo wa tatu: SQL ipanuliwe

Kundi la tatu lilifuata ilani ya Stonebraker: mteja asibadilishe lugha, lugha ndiyo iongezwe uwezo. Stonebraker mwenyewe alikuwa ameanza mradi wa Postgres katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ukiwa na lugha yake iitwayo POSTQUEL. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wawili wa hapo, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiondoa POSTQUEL na kuweka SQL. Huko ndiko ilikotoka PostgreSQL ya leo. Mfumo uliobuniwa kupanua hifadhidata uliokolewa kwa kukubali lugha ya wengi.

SQL ya mwaka 1999 ilirasimisha upanuzi huo: aina zenye muundo, urithi kati ya aina, methodi, na marejeo yanayofuatwa kwa mshale badala ya nukta. Faida yake ni mwendelezo. Ripoti za zamani zinaendelea kufanya kazi, zana zilizopo zinabaki na thamani, na uzoefu wa miaka mingi wa kupanga njia za ulizo haupotei.

Hasara yake ni uzito. Lugha iliyobuniwa kwa safu bapa ilibebeshwa aina mbili za dunia: majedwali ya kawaida na majedwali ya objekti, funguo na marejeo, thamani na utambulisho. Kila muuzaji alichukua sehemu aliyoipenda, na wanaprogramu wengi wakaendelea na safu bapa kana kwamba sura hiyo ya kiwango haikuandikwa. Kilichokubalika zaidi kilikuwa aina mpya za data na kazi zinazoandikwa na mtumiaji ndani ya safu za jedwali, jambo lililo karibu sana na walichokidai Date na Darwen.

## Msimamo wa nne: ulizo ndani ya lugha ya programu

Kundi la nne lilichelewa kufika. Lilikubali kwamba ulizo lazima liwe la kueleza matakwa, lakini likakataa liandikwe kama maneno tu ndani ya alama za nukuu, mahali ambapo kompaila haioni kosa la tahajia mpaka programu inapoanguka kwa mteja. William Cook na Carl Rosenberger, wakihusika na mfumo wa db4o, walipendekeza maulizo yaandikwe kwa Java au C# ile ile ya programu. Mwaka 2007 Microsoft ilitoa LINQ pamoja na C# 3.0. Ulizo likawa sehemu ya sarufi ya lugha, na mfumo ukapewa muundo wake kama data inayoweza kusomwa na kugeuzwa kuwa SQL.

Uzuri wake ni kwamba ukaguzi wa aina na uhuru wa mfumo kuchagua njia vinapatikana pamoja. Ugumu wake ni mpaka usioonekana. Mwanaprogramu anaweza kuita methodi yoyote ndani ya ulizo, lakini si kila methodi inaweza kugeuzwa SQL. Kwa miaka kadhaa zana ya Entity Framework Core ya Microsoft ilikuwa, ikishindwa kugeuza sehemu ya ulizo, inavuta safu zote hadi kwenye programu na kuzichuja huko, bila kusimamisha kazi. Ulizo lilifanya kazi vizuri kwenye data ndogo ya majaribio, kisha likalemewa na data halisi. Toleo la 3.0 la mwaka 2019 liliacha tabia hiyo: isipokuwa kwenye hatua ya mwisho ya kuunda matokeo, kisichogeuzika sasa kinatoa kosa waziwazi. Ilikuwa hatua sahihi, kwa kuwa urahisi unaoficha gharama hulipiwa na mtumiaji wa mwisho.

## Mafundo manne ya msanifu

Chini ya misimamo hii kuna mafundo ambayo hakuna kundi linaloweza kuyakwepa.

La kwanza ni njia. Ulizo letu la Kilwa limeandikwa kuanzia kwa wagonjwa, lakini likitekelezwa hivyo mfumo utampitia kila mgonjwa nchini. Ni nafuu kuanza na wilaya ya Kilwa, kushuka kwenye vituo vyake, kisha ziara, kisha wagonjwa. Ili hilo liwezekane, mfumo lazima ujue njia ya kurudi. Kiwango cha ODMG kiliruhusu uhusiano utangazwe pamoja na kinyume chake: mgonjwa ana ziara, ziara ina mgonjwa wake. Kielekezi cha kawaida cha C++ hakina kinyume, na hapo mfumo unafungwa mikono. Uwezo wa kugeuza njia unaanzia kwenye namna data ilivyotangazwa, kabla hata ulizo la kwanza halijaandikwa.

La pili ni methodi. Tuseme mtu anatafuta watoto kwa sharti la m.umri() < 5. Kanuni ya objekti inataka data ifungiwe ndani na ionekane kupitia methodi tu. Lakini mfumo usioona ndani ya umri() haujui gharama yake, haujui kama inabadilisha kitu, na hauwezi kutumia faharasa ya tarehe za kuzaliwa. Urithi unaongeza ugumu, kwa kuwa methodi yenye jina moja inaweza kuwa na mwili tofauti katika kila klasi ndogo. Hata ilani ya 1989 ilikiri kwamba kwenye maulizo ya papo kwa papo ukali wa kufungia data unaweza kulegezwa. PostgreSQL inaonyesha njia ya kati: mwandishi wa kazi hutangaza kama matokeo yake hayabadiliki kamwe, yanabaki yale yale ndani ya ulizo moja, au yanaweza kubadilika wakati wowote, na faharasa hukubali kundi la kwanza pekee. Umri, kwa kuwa unategemea tarehe ya leo, haumo katika kundi hilo, ilhali tarehe ya kuzaliwa ni data iliyotulia. Tangazo dogo kama hilo humlazimisha mwanaprogramu kufikiri kwa namna inayousaidia mfumo.

La tatu ni utambulisho. Objekti mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu na bado zikawa mbili. Hilo ni faida: mgonjwa anaweza kubadilisha jina na namba ya simu bila kuvunja kiungo hata kimoja. Ila neno distinct linakuwa na maana mbili, kwani kwenye objekti linalinganisha utambulisho na kwenye thamani linalinganisha yaliyomo. Tena utambulisho wa ndani hauna maana nje ya mfumo. Rekodi ikihamishiwa hospitali nyingine, namba ya mgonjwa inayosomeka na binadamu itahitajika tu. Lugha nzuri inaruhusu kulinganisha kwa namna zote mbili na kuzitofautisha kwa maandishi.

La nne ni umbo la jibu. Ulizo la majedwali hurudisha jedwali, na jedwali hilo linaweza kuulizwa tena. Huo ndio uliokuwa uti wa mgongo wa kazi ya Codd. Ulizo la objekti likichukua jina kutoka kwa mgonjwa na tarehe kutoka kwa ziara, kinachopatikana ni cha klasi gani? Kina methodi zipi? OQL ilijibu kwa busara: jibu la namna hiyo ni muundo wa thamani usio na utambulisho, na unaweza kuulizwa tena. Hapo hapo iliamua jambo lingine gumu. Kwa kuwa m.ziara ni mkusanyiko, haikuruhusu kuandika m.ziara.kituo moja kwa moja. Ilitaka kila ziara ipewe jina lake kwenye from. Lugha ya XSQL ya Kifer, Kim na Sagiv ya mwaka 1992 ilikuwa na njia zenye uhuru zaidi. Ufupi huo unavutia, lakini njia inayopita kwenye mkusanyiko ikilinganishwa na thamani moja huibua swali: je, ziara yoyote moja inatosha, au lazima zote zitimize sharti? Kuandika mstari mmoja zaidi ni bei ndogo ya kuliondoa swali hilo.

## Kwa nini soko liliamua hivyo

Mara nyingi husemwa kwamba hifadhidata za objekti zilishindwa kwa sababu majedwali ni bora. Sababu halisi zilikuwa kadhaa na zilishikana. Data ya mashirika huishi muda mrefu kuliko programu zake, na data iliyofungwa kwenye klasi za C++ ilizeeka pamoja na msimbo wake. Lugha ya kuulizia ilikuja mwisho, hivyo wauzaji wa zana za ripoti na za uchambuzi hawakuwa na mahali pa kujishikiza. Kiwango kilikuwepo zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye bidhaa. Na wauzaji wakubwa wa SQL walinyonya mawazo yaliyofaa bila kumlazimisha mteja kuhama.

Kilichobaki ni zana za kati. Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ilileta HQL, na mwaka 2006 Java ikapata JPQL kama sehemu ya kiwango chake. Anayezisoma lugha hizo anaona nukta zile zile na from ile ile ya OQL, isipokuwa chini yake kuna majedwali. Tatizo la njia nalo limehamia huko. Programu inapata ziara mia kwa ulizo moja, kisha kitanzi kikigusa kituo cha kila ziara, zana inaweza kutuma hadi maulizo mia mengine. Baharia wa Bachman amerudi, safari hii bila mwenyewe kujua kwamba anasafiri.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa karibu. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, umeandikwa kwa Java na hutumia Hibernate kwa objekti zake. Lakini kwa ripoti na uchambuzi, DHIS2 huandaa majedwali maalumu ndani ya PostgreSQL na kuyauliza kwa SQL ya moja kwa moja. Mfumo mmoja umegawa kazi kwa namna inayofuata mantiki ya mjadala wote: objekti pale mtu anapohariri kitu kimoja na viungo vyake, seti pale anapohesabu maelfu.

## Kupima

Tukitumia vipimo vitatu vya ilani ya 1989 yenyewe, picha inajitokeza. Msimamo wa kwanza unafeli vyote vitatu, ingawa unabaki bora kwa kazi zenye njia moja isiyobadilika. Wa pili ulifaulu kama usanifu na kuanguka kama bidhaa. Wa tatu ulifaulu kama bidhaa na kubeba sarufi iliyolemewa. Wa nne unafaulu kwa mwanaprogramu, lakini unamwacha nje asiyeandika programu, na unadai uaminifu kuhusu kile kinachoweza kugeuzwa na kisichoweza.

Si haki basi kutupa jongoo na mti wake. Kilichostahili kuachwa ni fikra kwamba ulizo ni pambo la kuongeza baadaye. Kilichostahili kubaki ni njia za nukta, mikusanyiko ndani ya mikusanyiko, na maulizo yanayoshikana. Hayo yamebaki: lugha ya SQL++, na ile ya PartiQL iliyotangazwa na Amazon mwaka 2019, zinauliza data iliyofungwa ndani ya data kwa namna ambayo mbunifu wa O2 angeitambua mara moja. Lugha ya grafu ya GQL, iliyopata kiwango cha kimataifa mwaka 2024, inalifufua swali la kufuata viungo, safari hii kwa kueleza umbo la njia na kuuachia mfumo utekelezaji.

## Kwa muhtasari

Lugha ya kuulizia objekti haikushindwa kwa sababu objekti haziulizwi. Ilikwama kwa sababu ilipewa nafasi ya mwisho na watu walewale walioihitaji zaidi, na kwa sababu kiwango chake hakikuwa na watekelezaji wa kutosha.

Anayesanifu lugha ya aina hii leo ana mafunzo matano ya wazi. Uhusiano utangazwe pande zote mbili, ili mfumo uweze kugeuza njia. Methodi zitakazotumika ndani ya ulizo zitangazwe kuwa hazibadilishi kitu, na data ya msingi ionekane kwa mfumo. Utambulisho na ulinganifu wa thamani visichanganywe. Jibu la ulizo liweze kuulizwa tena. Na kile ambacho mfumo hauwezi kukifanya kwenye seva kikataliwe kwa kosa la wazi, kisifichwe.

Naye anayetumia lugha hizi bila kuzisanifu ana wajibu mmoja unaomlinda: kabla ya kuandika kitanzi juu ya objekti, ajiulize ni maulizo mangapi yatatumwa kwa seva, kisha ayatazame yale yaliyotumwa kweli. Zana nyingi zinaweza kuyaonyesha, na dakika chache za kuyasoma zinafundisha zaidi kuhusu hifadhidata kuliko muhula mzima wa kuchora klasi.